Mumiani: Kumbe Mwanzoni Ilikuwa Dawa Tu!

Mtoto wa Kasulu au Kibondo akichelewa kurudi kutoka mtoni, neno moja tu linatosha kumtia mbio: mumiani. Huyo hana sura, hana jina, hana kabila. Ni mtu wa usiku anayenyonya damu, basi. Ukiuliza nani kamwona, utaambiwa ni jirani wa shangazi wa fulani.

Sasa cheki hii. Mwanzoni mumiani haikuwa mtu kabisa, ilikuwa dawa! Kitu cheusi kama gundi, kilisemekana kinatoka Uajemi, na watu wa pwani walikitumia kutibu mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza hivyo hivyo, ila inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Hapo ndipo stori ilipogeuka. Kama damu inauzwa, si lazima yupo anayeitoa? Jina la dawa likahamia kwa muuaji.

Na huko Buha je? Enzi za Mwingereza, vijana wengi wa Kiha walitoka kwao kwenda kukata mkonge, hasa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine hawakurudi tena. Mama aliyebaki kijijini angeelewaje? Mgeni anayekuja na kuondoka na nguvu za vijana hana tofauti kubwa na mnyonya damu.

Kwa hiyo neno lilibeba ukweli fulani: jasho la maskini linamnenepesha mwingine. Shida inaanza pale linapomwangukia asiyehusika. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliuawa na gari lao likachomwa moto. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji wakaambizana ni wanyonya damu, ikawa imeisha hiyo.

Watu watatu, kisa neno moja.

Ukiona mgeni mtaani kwenu ana gari na makaratasi, muulize kwanza anaitwa nani, ametumwa na nani. Mumiani hana jina. Binadamu analo, na kuna watu nyumbani wanamsubiri.