Kilwa Kisiwani: mji wa mafundi wasiojulikana majina

Tangu niweke picha za Kilwa, kila mtu ananiuliza, "Hayo magofu ya Wareno unafikaje?" Hapo ndo nikaona niandike, maana hata mimi kabla sijafika nilijua hivyohivyo.

Mreno alipofika alikuta mji wa mawe umeshazeeka. Akauteka 1505, akajenga ngome, na baada ya miaka kama saba akaondoka. Ile Gereza unayoiona ukikaribia kushuka kwenye boti ndo ilianzia hapo, na Waomani wakaja kuijenga upya. Msikiti Mkuu ulikuwepo zaidi ya miaka 300 kabla yake!

Waliojenga ni Waswahili wa hapohapo. Walikata mawe ya matumbawe baharini, mengine wakayachoma kwa kuni kupata chokaa, boriti wakakata kwenye mikoko. Ukiingia vyumbani utashangaa mbona vyembamba hivi. Jibu ni boriti: mkoko una urefu wake, chumba hakiwezi kuuzidi.

Pesa ilitoka kwenye dhahabu ya bara, kule Zimbabwe, iliyopitia Sofala. Ibn Battuta alipita 1331 akausifia mji. Jina la sultani aliyemkuta tunalo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye wa kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane juu ya bahari. Ila fundi aliyelichonga lile bwawa hana jina popote. Mimi nilikaa pale pembeni kama nusu saa namuwaza yeye tu, sultani wala sikumkumbuka.

Haya, safari sasa. Kutoka Dar ni kama kilomita 300, mabasi yapo Mbagala, mnakata kushoto Nangurukuru mpaka Kilwa Masoko. Kibali kinakatwa Masoko kabla ya kuvuka. Mimi nilifika jioni ofisi imefungwa, ikabidi nilale, hela ya gesti ikanitoka bila mpango. Fika asubuhi. Kuvuka kwenyewe ni muda mfupi tu. Beba maji ya kunywa, vaa nguo za heshima maana watu wanaishi pale, na chukua mwongozaji wa kisiwani. Wangu aliita magofu "nyumba za wazee wetu", basi nikaona aibu na lile neno langu la Wareno.

Ukiwa na siku ya pili nenda Songo Mnara, ila muulize nahodha habari za maji kwanza. Yakitoka utatembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi.

Na tafadhali usipande juu ya kuta kupiga selfi. UNESCO waliyaweka magofu haya kwenye urithi wa dunia 1981, 2004 wakayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatoka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Mafundi wa kazi hiyo nao, nani anawajua majina? Kama babu yako au mjomba wako alikuwemo, mtaje hapo chini.