Mahindi yaliyovunwa kwa woga: funzo la Kenya kwa wakaaji wa Opala

OPALA, jimbo la Tshopo. Mahindi yenye ukungu tunayajua sote. Punje zinageuka kijani au nyeusi, na wengi husema: osha, saga, pika vizuri, hakuna neno. Historia inaonyesha kwamba sivyo.

Sumu ya ukungu huo ilianza kutambuliwa mwaka 1960. Huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache. Wataalamu walitafuta ugonjwa, wakakuta tatizo liko kwenye chakula: karanga zilizosagwa, kutoka Brazili, zilizoshikwa na kuvu. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini. Ni mojawapo ya sumu ambazo Waswahili huziita sumukuvu. Moto wa chungu hauiondoi.

Mwaka 1981 iliua watu Afrika Mashariki, huko Machakos nchini Kenya. Wagonjwa 20 walipelekwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na ini lililoharibika. Watu 12 walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe.

Miaka 23 baadaye balaa likarudi, kubwa zaidi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Chakula kilikuwa haba na watu waliogopa wezi. Wengine walivuna mahindi kabla hayajakauka, wakayaweka ndani ya nyumba, penye joto na unyevu, pasipo upepo. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni, zaidi ya nusu ya vipimo vilipita kiwango cha sheria. Hata aliyenunua hakuwa salama.

Kwa nini tunasimulia haya Opala? Kwa sababu kule Kenya sumu iliingia pamoja na njaa na woga. Na sisi, tangu mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola yalipoanza mwaka 2023, jamaa nyingi zimeacha mashamba yao. Anayekimbia hachagui siku ya kuvuna. Anabeba kilichopo, kibichi au kikavu, anakifunga ndani ya gunia.

Wazee wetu walitundika mahindi juu ya moto jikoni. Halikuwa pambo. Joto na moshi vilikausha punje na kufukuza wadudu. Leo aliyelala chini ya turubai hana jiko la namna ile, na mvua zetu hazimpi nafasi.

Basi tufanye tunachoweza. Tuanike juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Tuweke gunia juu ya miti, mbali na ukuta. Tutie punje na chumvi kavu katika chupa, tutikise, tungoje kidogo: chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado mabichi. Punje zilizooza tuzitupe, tusiwape kuku wala watoto. Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata kansa ya ini.

Na wewe uliyepokea wageni, una jiko. Wape nafasi ya kutundika mahindi yao juu ya moto wako. Msaada huo hauhitaji pesa.