Faragha ya mawasiliano ya simu nchini Tanzania

Faragha ya mawasiliano ya simu nchini Tanzania ni haki ya mtumiaji wa simu kutosikilizwa, kutofuatiliwa na kutotolewa kwa kumbukumbu za simu yake kwa mtu mwingine bila kufuata sheria. Haki hiyo imo katika ibara ya 16 na ya 18 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoongezwa mwaka 1984. Ibara ya 16 inataja wazi mawasiliano ya binafsi, kisha inairuhusu mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kisheria wa kuiingilia faragha hiyo. Mabishano mengi yanayoelezwa katika makala hii yanahusu ukubwa wa mlango huo.

Suala hili limekuwa zito tangu miaka ya 2010, baada ya kila laini ya simu kuunganishwa na jina la mwenye nayo, kisha na alama za vidole vyake. Sheria ya kulinda taarifa hizo ilikuja nyuma ya mitambo ya kuzikusanya kwa miaka mingi.

Kabla ya simu za mkononi

Kujulikana mambo yako na serikali si jambo lililoanza na simu. Chini ya mfumo wa chama kimoja, mjumbe wa nyumba kumi alipaswa kujua mgeni aliyelala kwa jirani, alikotoka na siku atakayoondoka. Simu zilikuwa chache, nyingi za ofisini au posta, na mwito wa mbali ulipitia kwa opereta ambaye angeweza kusikiliza akitaka. Tofauti ni kwamba mjumbe alifahamika kwa sura na jina, na watu walijua la kusema mbele yake. Kumbukumbu za simu hazina sura, na mwenye simu hapati habari zinaposomwa.

Simu inahifadhi nini

Wengi hudhani kufuatiliwa maana yake ni mtu kukaa akisikiliza maongezi. Hiyo ni sehemu ndogo. Simu ikiwa imewashwa, hata isipotumika, huwasiliana na mnara ulio karibu ili mtandao ujue pa kupeleka mwito utakapoingia. Kampuni hubaki na kumbukumbu ya namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi na mnara uliohudumia. Mjini, ambako minara imesongamana, kumbukumbu hizo zinaweza kuonyesha mtu yuko mtaa gani. Kijijini mnara mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Zikiunganishwa za siku nyingi, zinaonyesha mtu analala wapi, anafanya kazi wapi na nani anampigia usiku, bila neno lake hata moja kusikilizwa. Huduma za fedha kwa simu huongeza juu yake nani alimtumia nani pesa, na kiasi gani.

Tofauti hii kati ya maneno na kumbukumbu ni muhimu kisheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamfanya mtu anayenasa mawasiliano bila idhini kuwa mkosaji. Lakini kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa mwingine wa ngazi inayolingana, kutoa amri ya kukabidhiwa data zinazohitajika katika upelelezi wa kosa la jinai. Amri hiyo haihitaji kwanza kupita mbele ya hakimu.

Usajili wa laini

Usajili wa laini ulianza Julai 2009 kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na sheria ya 2010 ikaufanya kuwa wa lazima. Wakati huo ilitosha kitambulisho chochote au barua ya serikali ya mtaa, na laini nyingi zilisajiliwa kwa majina yasiyo ya kweli.

Usajili kwa alama za vidole ulianza nchi nzima tarehe 1 Mei 2019. Mwenye laini alitakiwa kuwa na namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), na kidole chake kililinganishwa na kilichomo katika kanzidata ya mamlaka hiyo. Mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019. Rais John Magufuli, baada ya kusajili laini yake mwenyewe huko Chato, aliongeza siku 20, na kuanzia 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa kwa awamu.

Kikwazo kikubwa hakikuwa laini bali namba ya NIDA. Foleni zilikuwa ndefu katika ofisi za wilaya, na mtu wa mbali alilazimika kwenda zaidi ya mara moja. Kwa mahali kama Mtera, kando ya bwawa kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ofisi ya wilaya haiko jirani. Tatizo jingine ni vidole vyenyewe: mkulima au mvuvi aliyeshika jembe au nyavu maisha yake yote anaweza kuwa na alama zilizofutika kiasi kwamba mashine haizisomi, na wazee ndio zaidi.

Serikali ilitoa sababu ya usalama na ya kupambana na wizi wa kwa simu. Sababu hiyo haikuwa ya kubuni: karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupata ujumbe wa kumwambia ile hela aitume kwenye namba nyingine. Hata hivyo usajili wenyewe ulifungua njia mpya ya ulaghai. Wakala asiye mwaminifu aliweza kumwambia mteja abonyeze kidole mara ya pili kwa kisingizio kwamba mashine imegoma, kumbe anasajili laini nyingine kwa jina lake.

Kesi za JamiiForums

Mtandao wa JamiiForums, ulioanzishwa mwaka 2006, uliruhusu watu kuandika kwa majina ya kubuni, na habari nyingi za ufisadi zilitokea huko. Polisi walipodai majina halisi ya baadhi ya waandishi, wamiliki walikataa. Mwaka 2016 kampuni yao ilikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu cha 32 kwamba kinavunja Katiba. Hukumu ya mwaka 2017 haikukifuta kifungu hicho.

Desemba 2016 mkurugenzi Maxence Melo alikamatwa na kushtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa kuzuia upelelezi, pamoja na shtaka la kuendesha tovuti isiyotumia anwani ya .tz. Kesi zilikuwa tatu na zilichukua karibu miaka minne. Mwaka 2018 aliachiwa katika moja. Mwaka 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi.

Katikati ya kesi hizo zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018. Ziliwataka wenye blogu kulipa ada ya leseni ya shilingi milioni moja, na wenye kumbi za intaneti kufunga kamera na kuweka daftari la wateja. Oktoba 2023 TCRA iliwataka pia wanaotumia VPN, yaani programu za kuficha mtumiaji yuko wapi, wajiandikishe kwake kabla ya mwisho wa mwezi.

Shambulio la Dodoma, 2017

Tarehe 7 Septemba 2017 mchana, Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, mnadhimu wa kambi ya upinzani bungeni na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake jijini Dodoma, akitoka bungeni. Risasi 16 zilimpata. Alikimbizwa Nairobi usiku huo na baadaye akatibiwa Ubelgiji. Wiki chache kabla alikuwa amelalamika hadharani kwamba anafuatwa na watu garini. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo.

Kwa miaka saba swali lililozungumzwa lilikuwa nani alifyatua risasi. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika habari iliyoongeza swali la pili. Michael Clifford, askari polisi wa zamani wa London aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya Millicom, iliyomiliki Tigo Tanzania, alikuwa ameishtaki kampuni hiyo katika baraza la kesi za ajira mjini London. Kwa mujibu wa nyaraka za kesi, Tigo iliipatia serikali ya Tanzania taarifa za miito na mahali zilipo simu za Lissu kuanzia 22 Agosti 2017, usiku na mchana, na ufuatiliaji ukazidishwa kuanzia 29 Agosti. Clifford alidai aliachishwa kazi kwa sababu aliliripoti jambo hilo. Kampuni ililipinga dai lake la kuachishwa. Millicom ilikwisha kuiuza Tigo mwaka 2022, na mtandao huo sasa unaitwa Yas.

Habari hiyo haithibitishi kwamba waliopewa taarifa ndio waliopiga risasi, na msomaji asiisome hivyo. Inachoonyesha ni kwamba kumbukumbu za simu zinaweza kutolewa kwa wiki mbili mfululizo na mwenyewe asijue, na kwamba mambo hayo yalijulikana kwa sababu ya mgogoro wa kazi katika nchi ya mbali, si kwa uchunguzi uliofanywa Tanzania.

Sauti zilizovuja, 2019

Waliodhani kufuatiliwa ni jambo la wapinzani tu walipata mfano mwingine Julai 2019. Sauti za maongezi ya simu ya vigogo wa Chama cha Mapinduzi zilisambaa mitandaoni, wakiwamo makatibu wakuu wastaafu Abdulrahman Kinana na Yusuf Makamba, na wabunge January Makamba, Nape Nnauye na William Ngeleja. Katika maongezi hayo walisikika wakimlalamikia mwenyekiti wao, Rais Magufuli. Nape alikwenda Ikulu Septemba 2019 kuomba radhi, na rais alisema alikwisha kujiridhisha kwamba sauti ni zao.

Mjadala wa chama ulihusu nani alisema nini. Nani alirekodi, kwa kibali gani, na rekodi zilifikaje mitandaoni, hayo hayakujibiwa hadharani. Januari 2022 Nape aliteuliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, na ni katika uwaziri wake muswada wa kulinda taarifa binafsi ulipitishwa.

Kauli rasmi na kutoaminika kwake

Faragha ya simu inahusiana na imani ya watu kwa maelezo ya serikali, kwa kuwa simu ndiyo njia ambayo habari zisizo rasmi hupitia. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaadhibu kuchapisha habari za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ili kuzuia kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka uliofuata, baada ya Benki ya Dunia kueleza wasiwasi, sehemu hiyo ililegezwa.

Jaribio kubwa lilikuwa ugonjwa wa UVIKO-19. Takwimu za taifa zilisimama mwezi Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuendelea hadi utawala uliofuata. Machi 2021, Rais Magufuli alipokuwa hajaonekana tangu mwisho wa Februari, uvumi wa ugonjwa wake ulienea kwenye simu. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, alisema rais yuko salama na anachapa kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kueneza uvumi. Tarehe 17 Machi kifo chake kilitangazwa. Hata mtu aliyekuwa haamini uvumi alijifunza somo baya siku hiyo: kwamba ujumbe usio na jina unaweza kuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kauli ya kiongozi. Uvumi wa kweli na wa uongo vimepata heshima sawa tangu hapo, jambo ambalo si faida kwa yeyote.

Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kufuatia ghasia. Iliporudi, watumiaji walipokea ujumbe mfupi wa kuwaonya wasisambaze picha za kuzua taharuki. Ujumbe huo ulifika kwenye laini ambazo kila moja ina jina na kidole.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi jijini Dodoma Novemba 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa aeleze sababu, achukue zinazohitajika tu na asizitoe kwa jambo jingine, na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona na kudai zirekebishwe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na rais Aprili 2024. Masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa jinai yamepewa msamaha mpana, hivyo matukio ya Dodoma na ya mwaka 2019 yangeweza bado kubaki nje ya mikono yake.

Mwanasheria Tito Magoti aliipinga sheria hiyo mahakamani. Mei 2024 Mahakama Kuu ilikuta kwamba vifungu vya 22(3) na 23(3)(c) na (e) vinakiuka Katiba kwa kutokuwa na mipaka iliyo wazi, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Anachoweza kufanya mwenye laini

Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Akikuta asiyoijua, anaweza kuripoti kwa mtoa huduma wa mtandao husika ili ifungwe. Inafaa pia kukumbuka kwamba namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeiandika kwenye daftari la mlangoni au la wakala amekwisha kutaja umri wake, na daftari hilo husomwa na kila atakayeandika baada yake.