Waya wa klachi ukikatika: Jinsi ya kuubadilisha mwenyewe kwenye bodaboda

Una abiria nyuma, unakaribia taa, unabana klachi na leva inalala tu mkononi. Waya umekatika. Kwa dereva wa bodaboda hapo siku imeshaharibika, hasa kama gereji iko mbali.

Habari njema ni kwamba kazi hii si ngumu. Ukiwa na spana mbili na utulivu, unaifanya mwenyewe.

Ukikatika ukiwa barabarani

Usipaniki. Achia mafuta, shika breki taratibu na rudisha gia frii kabla pikipiki haijasimama. Ikigoma, zima injini kwa swichi. Ukisimama ikiwa kwenye gia na inaunguruma, itaruka mbele au kuzimika ghafla. Kisha isukume pembeni, mbali na magari.

Dalili za mapema

Waya mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kukatika. Leva inakuwa nzito, inarudi polepole, au gia zinaingia kwa kelele. Vuta ganda la mpira pale kwenye leva uangalie: ukiona nyuzi zimeanza kuchanua, badilisha leo, usisubiri kesho.

Unachohitaji

Waya mpya wa aina ya pikipiki yako, spana (namba 10 na 12 hutumika sana), koleo, oili kidogo na kipande cha kamba. Pima waya mpya na wa zamani sambamba. Urefu ukitofautiana, rudisha dukani.

Hatua kwa hatua

1. Zima injini, iache ipoe, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Piga picha kwa simu njia anayopita waya wa zamani.

2. Kwenye leva, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha ajasta hadi ndani. Panga mikato ya nati, ajasta na leva iwe mstari mmoja, halafu chomoa kichwa cha waya.

3. Chini kwenye injini, legeza nati za kishikio na chomoa waya kwenye mkono wa klachi.

4. Funga kamba kwenye ncha ya juu ya waya wa zamani, kisha uvute kutokea chini. Kamba itabaki kwenye njia, nayo itakusaidia kuvuta waya mpya.

5. Dondosha oili ndani ya waya mpya hadi itokee upande wa pili. Kama pakiti inasema usitie mafuta, usitie.

6. Pitisha waya njia ileile. Usiukunje sana wala usiguse bomba la moshi. Chomeka chini kwanza, kisha juu.

Usikaze kupita kiasi

Hapa ndipo wengi wanakosea. Leva lazima iwe na uchezaji kidogo kabla klachi haijaanza kushika. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata.

Ukikaza sana, klachi itateleza: injini inapiga kelele mlimani lakini pikipiki haivuti, na sahani za klachi zinaungua. Hizo ni ghali kuliko waya. Ukilegeza sana, gia zitagoma na pikipiki itasogea hata ukiwa umebana klachi.

Rekebisha kwa wingi kule chini, kisha malizia kwa ajasta ya juu na kaza nati.

Jaribu kabla ya kubeba mtu

Washa injini ikiwa frii, geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Leva isibadilike uzito. Bana klachi, ingiza gia ya kwanza: pikipiki isitembee. Zunguka kidogo bila abiria, kisha kagua uchezaji tena.

Na ukinunua waya, nunua miwili. Wa pili uweke chini ya siti. Siku ukikatika usiku mbali na duka, utajishukuru.