Si kila hitilafu ni shoti: Historia ya lugha ya umeme wa gari

NENO “shoti” limebebeshwa mzigo kuliko punda wa sokoni. Taa ya gari ikikataa kuwaka, tunaambiwa ni shoti. Ikiwaka na kufifia, ni shoti. Fyuzi ikiungua kila baada ya siku mbili, ni shoti. Hata betri ikiamka asubuhi bila chaji, jibu ni lile lile: “Mkubwa, hii gari iko na shoti mahali.”

Makala ya leo yanafuatilia jinsi lugha ya umeme wa gari ilivyojengeka katika Kiswahili cha Kenya, na kwa nini neno hilo moja sasa linatugharimu. Tutatumia mfano wa taa za mchana, yaani zile taa za mbele zinazojiwasha zenyewe gari linapowashwa, hata jua likiwa la utosi. Tutaanzia Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega.

Likuyani ni mahali pazuri pa kuichunguza lugha hii. Ardhi yake ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960, serikali iliyagawa mengi ya mashamba hayo ya nyanda za juu kupitia miradi ya makazi. Wamaragoli, Wabukusu, Wakabras, Watachoni na wengineo wakawa majirani, huku Wanandi wakiwa ng’ambo ya mpaka, Uasin Gishu. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale hupita hapo kando, ikigusa Soy, Matunda na Moi’s Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey’s Bridge. Panapokutana watu wa lugha nyingi na magari mengi, gereji huhitaji lugha moja. Lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Lakini Kiswahili hicho kilikuja na maneno ya safari ndefu. “Gari” lenyewe lina asili ya Kihindi. “Stima” lilitoka katika Kiingereza na lilitaja meli ya moshi kabla ya kuhamia kwenye nyaya na nguzo. Leo Mkenya akisema “stima zimepotea” hakuna anayetazama baharini. “Umeme” lilikuwa jina la ule mwako wa mawinguni kabla ya kushushwa ardhini. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka wa 1922, baada ya kampuni za Mombasa na Nairobi kuunganishwa, na kadiri nyaya zilivyosambaa mijini ndivyo maneno haya mawili yalivyopata maana mpya.

Fundi wa gari hakuridhika nayo. Kwake yeye, kinachopita ndani ya waya ni “moto”. Utamsikia akimwambia mwanagenzi wake: “Angalia kama moto inafika kwa soketi.” Mwanasarufi atakunja uso kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi, lakini istilahi yenyewe ina akili. Moto husafiri, hupata nguvu, hufifia, huchoma. Mtu asiyewahi kuingia darasa la fizikia anaelewa papo hapo kwamba moto usiofika hauwashi kitu.

Neno “bodi” nalo lina historia. Katika gari, nyaya nyingi haziendi na kurudi. Moto hutoka kwenye betri kupitia waya, hufika kwenye taa, kisha hurudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Fundi huiita njia hiyo ya kurudi “bodi”, na wengine “athi”. Magari mengi ya Uingereza ya zamani, Land Rover zikiwemo, yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi. Katika miaka ya 1960 mpangilio huo ukageuzwa, ncha hasi ikawa ndiyo ya bodi. Kwa fundi aliyezoea mtindo wa kwanza, kukosea ncha kulimaanisha kuunguza vifaa. Kujua “bodi ni ipi” lilikuwa swali la riziki.

Kisha zikaja Peugeot 404 na 504, au Pijoti, zilizobeba abiria wa magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi. Taa zake zilikuwa na hesabu rahisi: betri, fyuzi, swichi, balbu, bodi. Fundi mwenye testa, yaani balbu ndogo yenye waya na ncha kali, aliweza kufuata njia yote kwa dakika chache. Hapo ndipo msamiati wetu ulipokomaa: fuli, dimu, indiketa, rilei, waringi, dayrekti. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yalitungwa chini ya boneti.

Wasomi waliigundua karakana hiyo wakiwa wamechelewa. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, ikaueleza ulimwengu kwamba sekta isiyo rasmi si uzururaji bali ni kazi. Mwaka wa 1992 serikali ikachapisha waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Ajabu ni kwamba neno “jua kali” lenyewe lilikuwa limetoka kwa mafundi. Sera ikaazima jina mtaani, lakini haikuazima msamiati uliobaki.

Sasa turudi kwenye taa za mchana. Hizi zilizaliwa kaskazini mwa Ulaya, ambako majira ya baridi huleta mchana wenye giza. Ufini ilianza kuagiza madereva wawashe taa mchana nje ya miji mwaka wa 1972, Uswidi ikafuata mwaka wa 1977 kwa barabara zote. Kanada ilizidai katika magari mapya kuanzia Desemba 1989, nayo Jumuiya ya Ulaya ikazilazimisha kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Japani, wanakotoka wengi wa wagombea wa barabara zetu, ilizikubali rasmi mwaka wa 2016 tu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, magari haya yamefika kwetu karibuni, tena yakiwa na taa ambazo fundi wa enzi ya Pijoti hakuzijua.

Tofauti iko wapi? Taa ya zamani iliwashwa na mkono wa dereva. Ya sasa huwashwa na kompyuta. Kabla ya kutoa amri, kompyuta huuliza maswali: Injini inanguruma? Breki ya mkono imeachiliwa? Nje kuna mwanga? Katika baadhi ya magari, breki ya mkono ikiwa imevutwa, taa hizo hazitawaka hata zikiwa nzima kabisa. Kuna wateja waliouziwa taa mpya kumbe dawa ilikuwa kushusha breki.

Kwa hiyo “taa haiwaki” inaweza kuwa na maana tano tofauti, na ni moja tu iliyo shoti halisi.

Kwanza, waya umekatika au fyuzi imeungua: moto hauna njia. Pili, shoti yenyewe: waya uliochubuka umegusa chuma, moto ukarudi kwenye bodi kabla ya kufika kwenye taa. Hapa fyuzi huungua papo hapo, na hiyo ndiyo kazi yake. Tatu, bodi haishiki: moto unafika lakini hauna pa kurudia, hivyo unatafuta njia ya panya. Ndiyo maana wakati mwingine ukiwasha indiketa, taa jirani nayo hupepesa. Nne, kutu ndani ya soketi: moto unapita, lakini umechoka. Tano, amri haikutoka: nyaya ni nzima, ila kompyuta haijaambiwa jambo inalolisubiri.

Aina ya nne huwahangaisha wengi, kwa hiyo tuitulie. Chukua balbu ya wati 21 katika gari la volti 12. Ukinzani wake ikiwa inawaka ni kama omu 7. Kutu katika soketi ikiongeza omu 7 nyingine, kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka wa 1827 inasema volti zitagawanyika, na kutu itakula angalau nusu yake: balbu itabaki na sita au pungufu. Taa itatoa mwanga wa kibatari. Lakini ukichomoa balbu na kupima soketi kwa mita ya dijitali, utaona volti 12 kamili, kwa sababu mita hunywa moto kidogo mno. Fundi ataapa kuwa waya ni mzima, na mita inamuunga mkono. Dawa ni kupima taa ikiwa imechomekwa na mzigo ukiwa juu yake. Ukiweka mita kati ya bodi ya taa na ncha hasi ya betri ukapata zaidi ya nusu volti, usinunue taa. Kwangua kutu, kaza bodi.

Hapa ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la pesa na maisha. Fundi akiita yote haya “shoti”, matibabu nayo huwa mamoja: kubadilisha fyuzi, au kupiga dayrekti kwa waya mpya kutoka kwenye betri. Fyuzi ya ampea 10 ikikataa kukaa, inawekwa ya 30. Nayo ikikataa, unawekwa uzi wa shaba. Wakati huo shoti halisi ingali pale ilipokuwa, ila sasa waya mwembamba ndio umekuwa fyuzi, na plastiki yake ndiyo kuni. Gari linaloungulia kando ya barabara linaweza kuwa lilianza kwa utambuzi uliokosa jina.

Je, majina hayapo? Yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha mwaka wa 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Mkondo, ukinzani na saketi ni maneno ya miaka mingi vitabuni. Tatizo ni kwamba kamusi haikuingia gerejini, na gereji haikualikwa kwenye kamusi. Fundi ana “moto”, “bodi”, “kutu” na “dayrekti”. Msomi ana “mkondo” na “ukinzani”. Kati yao ameketi mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayesomeshwa kwa Kiingereza, kisha anaenda kujifunza kazi kwa Kiswahili.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautakuwa na uzito mpaka ufike kwenye mwongozo wa gari na kwenye mtihani wa fundi. Pa kuanzia si kufuta maneno ya mtaani. “Moto” na “bodi” yanatosha, na yameshathibitishwa na miongo ya kazi. Kinachohitajika ni kuyagawa upya: shoti ibaki shoti, na kila hitilafu nyingine ipewe jina lake.

Msomaji naye ana zamu yake. Siku nyingine ukiambiwa gari lako lina shoti, uliza swali moja kwa heshima: “Fundi, moto haufiki, haurudi, au haujaamrishwa?” Fundi mzuri atatabasamu na kuchukua testa. Ambaye atakimbilia fyuzi kubwa zaidi, mwombe akurudishie ufunguo.