Neno moja, maana mbili: habari za "ardhi tupu" katika Kongo

Mama mmoja mjane wa parokia yetu alitujia siku ya Dominika baada ya Misa, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Akatuambia: "Mwalimu, unisomee kabla sijatia kidole." Wenye shamba kubwa lililo jirani na kijiji chake walitaka kulipanua, nao walikuwa wamempa mkataba. Mkataba ulisema kwamba mama atabaki na sehemu yote ya ardhi anayoitumia, na ile isiyotumika itakuwa yao kwa miaka 25. Mama hakuona ubaya wowote. "Mimi ninalitumia shamba langu lote," alisema.

Basi tukatafuta katika karatasi ile maana ya neno "kutumia". Tuliikuta ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Ardhi inayotumika, walisema, ni ardhi yenye mazao yaliyosimama siku ile wapimaji watakapofika. Lakini nusu ya shamba la mama ilikuwa inapumzika mwaka wa tatu, ipate nguvu tena, kama wazee walivyotufundisha. Kinywani mwa mama, shamba lote linatumika. Kwenye mkataba, nusu yake ni tupu. Neno ni lilelile, lakini maana ni mbili, na kati ya maana hizo mbili kuna chakula cha watoto wanne.

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Historia ya Kongo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya neno moja lililoandikwa na watu wa upande mmoja, likasikiwa na watu wa upande mwingine kwa maana nyingine. Tufuate habari zake tangu mwanzo.

Kitambaa cha kila mwezi

Mwaka 1879 Stanley, aliyetumwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alifika Vivi, ng'ambo ya mahali ulipo mji wa Matadi leo. Aliomba mahali pa kujenga. Machifu walipatana naye: atoe kwanza vitambaa vya thamani ya pauni 32, kisha kila mwezi vitambaa vya pauni 2. Tufikiri kidogo. Mtu anayepokea malipo kila mwezi kwa ajili ya nyumba yake anajua kwamba nyumba bado ni yake. Mgeni hulipa kwa sababu yeye si mwenyeji.

Miaka michache baadaye karatasi zikabadilika. Tarehe 1 Aprili 1884 machifu wa Ngombi na Mafela walitia alama zao chini ya mkataba. Kila chifu angepata kipande kimoja cha kitambaa kwa mwezi, pamoja na zawadi ya vitambaa siku ile. Nao waliandikiwa kwamba wameachilia haki zote za kutawala nchi zao, wao na warithi wao, milele, na tena kwamba watasaidia kwa kazi zitakazohitajika. Malipo yalikuwa bado ya kila mwezi kama kodi, lakini neno lilikuwa la kutoa kabisa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Chifu na wazee wa Palabala walikuwa na mapatano yao ya tarehe 8 Januari 1883. Tarehe 19 Aprili 1884 maelezo yaliongezwa kwenye mapatano hayo. Maelezo yalisema waziwazi kwamba maneno "kuachilia nchi" hayana maana ya kununua udongo. Kilichonunuliwa ni ukubwa wa utawala tu, na machifu wanakubali ukubwa huo. Sisi wenye kusema Kiswahili twaweza kuelewa upesi kwa nini maelezo hayo yalihitajika. Neno letu "nchi" lenyewe lina maana hizo mbili: nchi ni utawala wenye mipaka yake, na nchi ni udongo tunaoukanyaga. Mtu akitoa nchi, ametoa ipi?

Palabala walipata jibu kwa maandishi: udongo haukuuzwa. Jibu hilo lilidumu muda gani?

Amri ya mwaka 1885

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ikiwa imeanza tu, msimamizi mkuu Francis de Winton alitoa amri. Kifungu chake cha pili kina maneno matatu. La kwanza: mtu asikae juu ya ardhi tupu bila hati. La pili: mtu asiwanyang'anye wenyeji ardhi wanazozikalia. La tatu: ardhi tupu zihesabiwe kuwa mali ya Dola.

Ukisoma haraka utasema, hii ni amri nzuri, inawalinda wenyeji. Na tarehe 14 Septemba 1886 amri nyingine ilisema kwamba ardhi wanazozikalia wenyeji chini ya machifu wao zitaendelea kufuata desturi zao. Lakini hakuna mahali palipoandikwa maana ya "kukalia", wala maana ya "tupu". Neno lilikuwa kama kikapu kisicho na kitako. Kila mtu aliona kikapu, na mwenye nguvu alijua jinsi ya kukibeba.

Wazee wetu waligawanyaje ardhi? Kuna mahali pa nyumba. Kuna shamba la mwaka huu. Kuna shamba la zamani linalopumzika. Kuna msitu wa kuwinda, wa kuokota viwavi na uyoga, wa kukata kuni na kuchuma dawa. Kuna mto wa samaki. Kuna makaburi. Ardhi hizo zote zina wenyewe, na mgeni hakuingia msituni kuwinda bila kumwuliza mzee wa ardhi. Lakini maofisa walisoma "kukalia" kwa njia nyingine: nyumba, na shamba lenye mazao. Yote mengine, tupu. Kwa hiyo msitu wote ukawa wa Dola, na kwa kuwa msitu ni wa Dola, mpira uliomo ni wa Dola, na pembe za tembo ni za Dola. Tarehe 21 Septemba 1891 Leopold alitia sahihi amri iliyowaagiza maofisa wa Aruwimi-Uele na wa Ubangi wahifadhi matunda hayo kwa ajili ya Dola. Amri hiyo haikutangazwa katika gazeti la serikali.

Matokeo yake yanajulikana. Mtu aliyeuza mpira wa msitu wa babu zake alihesabiwa mwizi. Kisha akalazimishwa kuuleta mpira uleule kama kodi. Wake walikamatwa ili waume waende msituni, vijiji vilichomwa, watu waliuawa. Hatusemi kwamba neno moja lilifanya hayo yote. Tamaa na bunduki ndizo zilizofanya. Lakini neno liliipa tamaa karatasi ya kuonyesha.

Maana iliyochelewa miaka 21

Malalamiko yalipozidi, tume ya uchunguzi ilikuja Kongo mwaka 1904, nayo taarifa yake ikatolewa mwaka 1905. Wajumbe walikuwa Edmond Janssens, Giacomo Nisco na Edmond de Schumacher. Waliona kosa hili: sheria haikueleza ardhi inayokaliwa ni ipi, na desturi ya maofisa ilikuwa kuwaachia wenyeji nyumba na mashamba tu. Mwaka 1906 padri mmoja Myesuiti, Arthur Vermeersch, aliandika kitabu kuhusu shida ya Kongo, akaihukumu njia hiyo ya kuzifanya ardhi za watu kuwa tupu. Mwanasheria Félicien Cattier aliandika naye mwaka huohuo.

Ndipo tarehe 3 Juni 1906 amri mpya ikatoa maana. Ardhi zinazokaliwa na wenyeji, ilisema, kwa maana ya amri ya 1885, ni zile wanazokaa, wanazolima, au wanazotumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi za mahali. "Kwa namna yoyote": maneno machache, lakini ndani yake mna msitu, mto na shamba linalopumzika. Miaka karibu 21 ilipita tangu neno liandikwe hata maana yake ilipoandikwa. Wangapi walikufa katikati?

Haifai tuwatazame wengine tu. Siku 8 kabla ya amri hiyo, tarehe 26 Mei 1906, Dola ilipatana na Kiti Kitakatifu kwamba misheni katoliki zipewe ardhi, hekta 100 hata 200 kila misheni, nazo misheni zifungue shule. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule hizo, nasi twashukuru. Lakini ardhi hizo nazo zilitoka katika neno lilelile, na mahali pengine wazee bado wanakumbuka msitu ulikuwa wa ukoo gani. Ukweli haulidhuru Kanisa.

Je, maana njema ya 1906 iliponya kila kitu? La. Tarehe 14 Aprili 1911 Ubelgiji ulipatana na kampuni ya Lever Brothers. Kampuni iliruhusiwa kuchagua hata hekta 750,000 za michikichi, katika miduara 5, kila mmoja wa kilomita 60 toka katikati hadi ukingoni. Lusanga katika Kwilu ikaitwa Leverville. Watu walikuwa wakivuna michikichi ile kwa mafuta na kwa divai. Kuvuna si kutumia? Lakini mti usiopandwa kwa mistari ulionekana kama mti wa porini. Hata amri ya tarehe 31 Mei 1934, iliyoagiza uchunguzi ufanywe kabla ya ardhi kuitwa tupu, haikulimaliza shauri.

Baada ya uhuru, sheria Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 iliirudishia Jamhuri haki za ardhi, misitu na madini zilizotolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Katika kifungu cha 388 inaeleza ardhi za wenyeji: ni zile wanazokaa, wanazolima au wanazotumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi. Tazameni, maneno ya 1906 yamerudi karibu yote! Lakini someni na kifungu cha 387 kinachotangulia: ardhi hizo zimekuwa za Serikali. Mwaka 1906 maneno yale yalikuwa ukuta wa kuitenga ardhi ya wenyeji na ile ya Dola. Mwaka 1973 maneno yaleyale yakawekwa ndani ya uwanja wa Serikali, yakawa alama tu ya mahali ambapo watu wana haki ya kutumia. Neno halikubadilika, wala maana yake haikubadilika sana. Jirani zake kwenye ukurasa ndio waliobadilika.

Turudi kwa mama yetu. Wazee na chifu waliandika barua kuomba maana ya "kutumia" ibadilishwe. Karatasi ilirudi baada ya majuma matatu. Ukurasa wa pili ulikuwa umesahihishwa vizuri: shamba linalopumzika linahesabiwa. Lakini ukurasa wa nne, palipo habari za kupima, maneno ya zamani yalikuwa bado yapo. Mama hakutia kidole. Mkataba umerudishwa tena, na sasa anangoja, huku akilima.

Ndugu wasomaji, mkiletewa mkataba, ulizeni mambo matatu. Neno hili kubwa limeelezwa wapi? Nani aliyelieleza? Na katika kurasa nyingine, je, bado lina maana ileile? Kisha ombeni nakala. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anatoti kwa Hanameli, alipima fedha shekeli 17 mbele ya mashahidi, akaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, akaziweka katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hati iliyo wazi yasomwa na kila mtu. Iliyofungwa yashuhudia kwamba hakuna aliyegeuza neno.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: na daftari bila maana hupoteza mali mchana, mwenyewe akitazama.