Kapi la kushika kamba

Kapi la kushika kamba ni kifaa kidogo cha kunyanyulia mizigo na kupandia kamba. Ndani ya mbavu mbili za alumini mna gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba, na juu yake kibano chenye meno kinachosukumwa na springi. Kamba ikivutwa, gurudumu huzunguka na kibano huiachia ipite. Mvutaji akilegeza mkono, uzito wa mzigo huirudisha kamba nyuma, na papo hapo meno huikamata na kuigandamiza kwenye mfereji. Kwa hiyo mtu anaweza kuvuta pumzi au kupokezana na mwenzake bila mzigo kushuka. Linalojulikana zaidi, Micro Traxion la kampuni ya Petzl ya Ufaransa, lina uzito wa gramu 85 na hutoshea kiganjani.

Kwa watu wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, suala la kupandisha mzigo kutoka shimoni si geni. Dhahabu ya Sekenke, wilayani humo, iligunduliwa mwaka 1907, na mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliitumia kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora. Wachimbaji wadogo wa ukanda huo bado wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Winchi ya mkono iliyozoeleka ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mpini wa kuzungushia, na kamba huviringwa juu yake. Hatari yake kubwa iko kwenye mpini: mkono ukiteleza, gogo huzunguka kinyumenyume kwa kasi, mpini unampiga aliyeushika na kiroba cha mawe kinamwangukia aliye chini. Kasoro hiyo hasa ndiyo inayozibwa na kibano cha kapi hili.

Faida nyingine ni nguvu inayookolewa. Gurudumu la beringi hupitisha takriban asilimia 91 ya nguvu ya mvutaji, ilhali kamba iliyopitishwa kwenye karabina tupu (pete ya metali yenye mlango) hupoteza karibu nusu. Tofauti hiyo huonekana pale kamba inapopindwa ili mzigo ubebwe na nyuzi tatu. Kwa makapi mawili mazuri, mzigo wa kilo 100 huhitaji mvuto wa kilo 37 hivi. Kwa karabina mbili, unakaribia kilo 57. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja aliye juu ya kisima anaweza kumpandisha majeruhi ambaye bila makapi angehitaji wavutaji wawili au watatu.

Wapanda miamba hulitumia kapi hili kuvuta mabegi ya vifaa ukutani, na pia kupandia kamba iliyofungwa juu: kapi hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni, na kishikio kingine chenye kitanzi cha mguu hutangulia juu yake.

Mipaka yake lazima iheshimiwe. Kifaa hiki hakikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Nguvu ya ghafla ya kilonewtoni 4 hadi 6 inatosha kufanya meno yachane ganda la kamba, kwa hiyo kamba isiachwe ilegee kati ya mzigo na kapi. Inayofaa ni kamba ya nailoni yenye kiini na ganda, unene wa milimita 8 hadi 11. Katani nene na waya wa chuma havifai. Vumbi na tope la duarani hujaa kwenye meno na kuyazuia kuuma, hivyo kifaa kisafishwe kwa maji na springi ijaribiwe kabla ya kila kazi. Kamba ikishapitishwa, vuta upande wa mzigo kwa mkono: isiposhikwa, imeingizwa kinyume, au kibano kimeachwa kwenye hali ya kufunguka.

Kushusha ndiko kugumu zaidi. Kibano hakiachii kamba iliyokazwa na mzigo. Sharti uunyanyue kidogo kwanza. Anayepandisha mtu ajiandae kwa hilo mapema, na amfunge kwa kamba ya pili inayojitegemea.

Kapi hili halimgeuzi mwanakijiji kuwa mwokoaji. Mtu akinasa kwenye duara au kisima, asishuke mwingine kumfuata bila kamba na bila kuhakikisha usalama wa hewa ya humo. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kabla ya kugusa kamba yoyote.